Makofi Niliyoyakata

Kasulu, Jumanne, Julai 1998

Hatimaye asubuhi nimeizuia ile programu ya kuhariri sauti isijitengenezee nakala ya sauti ya awali kila nikihifadhi. Diski ilikuwa inajaa kila wiki. Nikafurahi, peke yangu kama kawaida.

Mchana nikasafisha salamu za redioni za bibi mmoja wa Heru Juu kwa mwanawe. Kila neno na makofi! Nikayakata yote, nikahifadhi.

Dada Yusta, mtangazaji wetu, akasikiliza. "Makofi yako wapi, kaka? Sisi Waha ndivyo tunavyoamkiana."

Nakala haipo. Nimeizuia mwenyewe.

Na yule mzee jirani, anayenipigia makofi kila asubuhi tangu nihamie hapa kutoka Tanga... Nilidhani ananicheka. Miezi minane, sijamwitikia hata mara moja.