Nimeikoroga Sufuria ya Tanti Ismay

Asubuhi njema Anko Septimus, na asubuhi njema kwa wote mnaosikiliza redio jikoni na kwenye mabasi, maana kusalimia kwanza nimeshajifunza, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa kwa sababu Ijumaa watu wa bweni la chuo wanataka jibu, chumba chao nakichukua au sikichukui, na mimi sijui niwaambie nini.

Mimi ni msichana wa Botswana, nimekuja hapa Grenada kusomea udaktari, nimepanga chumba Woburn kwa mama mmoja mjane anaitwa Tanti Ismay, na nisikudanganye Anko, hapa nimepapenda, mwanzoni nililia kwa ajili ya joto na vilima na mvua inayokulowesha upande huu wa barabara huku upande wa pili watu wanaanika nguo, lakini sasa nishazoea, nikitaka kushuka kwenye basi nagonga bati kama mwenyeji, chai ya kakao nisipokunywa asubuhi kichwa kinauma, na jioni nilikuwa nakaa jikoni na Tanti, yeye anamenya ndizi mbichi, mimi nataja mifupa ya mwili kwa sauti, naye ananikosoa eti, "Huo jana uliutaja vizuri zaidi," wala mfupa wenyewe haujui uko wapi.

Sasa balaa lilikuja siku ya kuzaliwa kwake, tulikwenda ufukweni kupika oildaun, kile chakula chenu cha sufuria moja, jirani yetu Bwana Rawle ndiye aliyeipanga sufuria, chini mkia wa nguruwe wa chumvi na shelisheli, juu matonge ya unga na majani ya magimbi, akamimina tui la nazi lenye manjano, akafunika, wote wakaenda kuogelea, Tanti akaniambia, "Mwanangu, wewe niangalizie sufuria tu," na mimi Anko, kwetu Serowe msichana akikaa kando ya sufuria asiikoroge anaitwa mvivu mpaka siku anayoolewa, basi nikashika mwiko nikakoroga, nikakoroga kwa moyo wangu wote mpaka jasho likanitoka, huku nikijisemea leo watajua nimelelewa.

Bwana Rawle akarudi anachuruzika maji, akafunua, akapiga ukelele, "Mungu wangu! Nani kanipikia uji humu?" Nikasema, "Ni mimi, nilikuwa nasaidia." Akajishika kichwa, "Unasaidia! Dokta, mgonjwa kashakufa!" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini mchangani, na Tanti akageuza uso, mabega yanamtikisika, nadhani alikuwa analia. Tangu hapo Woburn nzima naitwa Dokta Koroga, utingo wa basi ananiita hivyo, wauza samaki wananiita hivyo, hata mchungaji lilimtoka akajifanya anakohoa, sasa kwa aibu napita njia ya nyuma, jikoni siingii, na Tanti naye naona hanitaki tena maana kila jioni ananiwekea sahani mlangoni imefunikwa kitambaa na haniiti ndani, nakula, naosha sahani, naiacha kwenye ngazi yake asubuhi kabla hajafungua mlango. Nihame, Anko? Moyo hautaki, lakini uso sina.

Jina langu nimelificha.

ANKO SEPTIMUS ANAJIBU

Jina umelificha! Binti, Grenada hii ukipiga chafya Woburn, kuna bibi kule Sauteurs, mwisho wa kisiwa, anakwambia pona. Nilikujua hata kabla hujamaliza kusalimia.

Na bahati yako umemwandikia mtu anayezijua sufuria. Shule mimi niliipita kwa nje tu, nikienda kuvua kaa, lakini oildaun, uliza kisiwa kizima. Niliwahi kupanga moja ya harusi kule Gouyave, kubwa mpaka niliingia ndani kwa ngazi kupanga matonge, na nilipotoka bibi harusi ana watoto wawili. Harufu yake ilizigeuza mashua zilizokuwa zinakwenda Carriacou. Anayebisha anipigie simu, nitamkatia.

Kwa hiyo nisikilize. Oildaun haikorogwi. Inapangwa, inafunikwa, inaachwa tui likauke lenyewe mpaka mafuta yabaki chini. Ukiikoroga, shelisheli linakuwa ugali na matonge yanakuwa gundi. Basi. Umeshajua, hilo limekwisha, hakuna aliyezikwa.

Sasa jina. Unalilia jina! Mimi toka mdogo naitwa Kobe. Siku ya ndoa yangu mchungaji alipotaja Septimus, mke wangu aligeuka kutazama nyuma, akidhani kuna bwana harusi mwingine amechelewa. Wanafunzi wa chuo chenu wanakuja na masanduku yao, wanaondoka na vyeti vyao, nani aliwahi kuwapa jina? Wanaitwa "yule mwanafunzi," wamekwisha. Wewe hata mchungaji amekubatiza upya, halafu unataka kwenda kujificha bwenini. Una akili kweli wewe, au yote umeipeleka kwenye mifupa?

Na hapa nakugombeza, kaa sawa. Kosa lako si sufuria. Kosa lako ni njia ya nyuma. Unapita mgongoni mwa nyumba ya watu kama paka mwizi, hakuna asubuhi njema, hakuna jioni njema. Halafu sahani! Mama wa watu anakupikia, anakufunikia na kitambaa chake kizuri, wewe unamrudishia kwenye ngazi kimyakimya kama vile umelala hotelini. Haji kukuita kwa sababu kila akikohoa unafunga mlango. Juzi alinikamata sokoni, akaniuliza, "Kobe, mtoto wangu nimemkosea nini?" Yeye ndiye anauliza hivyo! Na siku ile ufukweni hakuwa analia. Alikuwa anacheka, akaona haya wewe umwone. Namjua Ismay tangu hajaota meno, na sasa hana tena.

Fanya hivi. Watu wa bweni waambie ahsante, chumba wampe mwingine. Leo hii chukua sahani mkononi, pita mlango wa mbele, simama hapo sema jioni njema kwa sauti asikie hata Rawle kwake, kisha ingia jikoni, kaa kwenye kiti chako, anza kutaja mifupa. Usiombe radhi ndefu, utamchosha. Na utingo akikuita Dokta Koroga, itika, "Naam, wewe unaumwa wapi?"

Jambo la mwisho. Uji wako ule ulidhani waliumwaga? Nilikuwepo, mimi ndiye yule mzee wa kofia ya kijani aliyejificha na bakuli nyuma ya mashua. Nilikula mpaka nikafunguliwa mkanda. Miaka tele sisi tusio na meno tunakaa kando ya oildaun tunanyonya jani tu, siku ile tulikula shelisheli kama watoto. Sasa Jumapili hii Tanti Ismay anaweka sufuria mbili. Kubwa ni ya Rawle, hiyo usiisogelee hata kwa macho. Ndogo ya pembeni ni yetu, yangu mimi na yeye na wazee wenzetu, na amekataza mtu yeyote asiguse mwiko mpaka ufike.