Blanketi la Wapasua Mbao

Ramadhani, ndugu yangu,

Paa limekwisha. Nimetaka usikie kwangu kwanza, maana ulikuwa huachi kuniuliza, "Elifasi, hilo kanisa lenu litaezekwa lini, au mnangoja Bwana Yesu arudi ndiyo mpate kivuli?" Limeezekwa. Kila boriti iliyo pale juu tuliipasua sisi wawili, leo mimi juu ya gogo na wewe shimoni, kesho wewe juu na mimi chini. Siku gogo lilipoteleza kwenye magadi yake, ile miti inayolishikilia juu ya shimo, ilikuwa zamu yako ya chini. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Natafuta mtu wa kumlaumu simpati, na hilo ndilo linalonimaliza.

Msituni kazi inaendelea. Yule Bwana Msitu Mwingereza bado anapita na nyundo yake ya serikali akigonga alama kwenye magogo. Alikuulizia. Nilipomwambia akavua kofia, kisha akaenda kugonga gogo lililofuata.

Nimepewa mwenzangu mpya, Yesaya, mtu wa Kikatiti. Nguvu anazo, loo, lakini anavuta kama anayegombana na msumeno, na mbao zinatoka zimepinda. Nikimwita kutoka juu, "Upo?", ananitumbulia macho tu. Wewe hata unga wa mbao ukikujaa mdomoni ulijibu, "Nipo, inua!", ndipo tukaanza pamoja. Halafu jioni unajidai umeshiba: "Ninyi wa juu mnaona mbingu, sisi wa chini tunakula ugali wa mwerezi."

Sasa nikueleze ya kanisani. Kabla ya siku ya kulifungua nilimwendea mzee wa kanisa, nikamwomba siku hiyo wasome majina yetu yote mawili. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Elifasi mwanangu, yule hakuwa wa kwetu. Jina la Mwislamu nitalisomaje mbele ya usharika?" Nikamwambia, basi na boriti zake si za kwetu, twende tukaziteremshe. Nikadhani amenielewa.

Kumbe wapi! Siku yenyewe watu walijaa mpaka nje, kwaya ikaimba, akaitwa "fundi aliyetupasulia mbao". Fundi mmoja. Nikaenda mbele, wakanifunika blanketi zito la kijivu, wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimekusudia kukutaja, nieleze kazi yako yote. Lakini kilichotoka mdomoni ni kile cha kila siku. Nilitazama boriti zetu nikaita, "Ramadhani, upo?"

Nami, mtu mzima na akili zangu, nikasimama pale nangoja unijibu. Mama mmoja akasema, "Maskini, amechanganyikiwa." Wakanishika mkono wakanikalisha.

Kazi ya mabenchi ya kanisa wamewapa wapasuaji wengine, eti mimi nimechanganyikiwa. Sawa. Waketi salama.

Blanketi sikuweza kulivaa. Nikateremka nalo mjini mpaka kwako. Mkeo, Mama Hadija, bado yuko edani, hivyo alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia. Nikamwambia hili ni la Ramadhani, mimi nimelibeba tu, nikalipitisha chini ya pazia. Nikasikia mkasi. Nikajiuliza, jamani, huyu mama anafanya nini? Baadaye mama yako akatoka na nusu ya blanketi, imekunjwa vizuri, akaniwekea mapajani. Mkeo akasema kutoka ndani, "Mlipasua wawili, shemeji."

Nililia barabarani, Ramadhani, watu wakiniona.

Mvua za mlimani zimeanza, na nusu hiyo hainifiki miguuni. Nikiifunika miguu, kifua kinabaki wazi. Mke wangu ananing'ang'ania kila siku tununue lingine zima. Mwenyezi Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nakuahidi, sitalinunua.

Mwenzako wa msumeno,
Elifasi