Mkono wa Gauni la Buluu

Mwaka umetimia tangu mguu wako utoke kwenye pedali ya cherehani, Baba, na Jumamosi iliyopita mgeni aligonga mlango akikuulizia.

Alikuwa mpishi wa hospitali, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini, kamshika mkono binti yake wa miaka minane. Hatukuwahi kuwaona.

"Hodi wenyewe! Fundi yupo? Mwambieni tumekuja kama tulivyoagana."

Aliyefungua ni Kifungo wako, kitindamimba, uliyempa jina hilo siku alipomeza kifungo cha koti la mteja, nawe ukamwambia mteja arudi baada ya siku mbili. Sasa amehitimu ualimu. Alisimama mlangoni akausikia mdomo wake ukisema, "Fundi alifariki, dada. Mwaka jana." Alisema kama mtu anayesema duka limefungwa. Ndivyo tulivyo siku hizi, Baba. Tunafagia, tunapika, tunaitikia salamu.

Mpishi aliketi bila kukaribishwa. Binti akabaki amesimama, kitabu kifuani.

Hukuwa mwalimu. Ulikuwa fundi cherehani wa chumba cha mbele, lakini watoto wengi wa mtaa huu walijifunza kusoma kando yako. Ulianza na sisi wanao. Ulituweka kwenye kigoda, kitabu mapajani, ukasema, "Haya, nipe habari." Tukisoma sawa, cherehani ilikwenda. Tukikosea, hukusema kitu. Uliinua mguu tu, kelele ikakatika, ukangoja. Tulirudi nyuma wenyewe, tukalitafuta neno mpaka tukalipata, nawe ukaendelea kushona kama vile hakuna kilichotokea.

Neno gumu uliliandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa, ukatupa tutembee nalo mfukoni. Likishaingia kichwani, ulilipangusa kwa kiganja. Tulisoma mifuko ya chumvi, viberiti, maandishi ya chupa za dawa. Hukutuacha tule kabla hatujakueleza tulichosoma.

Yule mteja mnene bado anasimulia. Alikuja juu siku moja: "Fundi, nimefuata suruali, sikufuata hadithi!" Ukamjibu, "Kaa kwanza, bwana. Sungura kaanguka kisimani, utaondokaje hujui kama katoka?" Akakaa. Kesho yake akarudi mapema kuulizia sungura. Suruali aliisahau.

Na wazazi wakikuuliza siri, uliwaambia, "Siri gani? Kurasa mbili kila siku, hata kama mikono ina unga. Akikwama, usimrukie. Akimaliza, muulize angekuwa yeye angefanyaje, halafu umsikilize mpaka mwisho."

Mpishi alikuwa mmoja wao. Alikuletea aproni uipunguze, akiwa na binti yake, miezi miwili kabla hujatuacha, na kumbe aliondoka na maneno hayo. Wakahamia mbali, lakini kila jioni binti alisoma kurasa mbili jikoni, mama yake akimenya viazi. Kitabu kilikuwa cha kobe aliyetaka kuhama nyumba yake; walibakiza ukurasa wa mwisho mpaka nauli ilipopatikana.

"Aliniambia nikikimaliza nije nimsomee ukurasa wa mwisho," binti alisema. "Yeye atashona, mimi nitasoma. Nikamuuliza, na nikikukosa? Akasema, nyumba hii cherehani haikosi mguu."

Kifungo akageuka kuitazama cherehani. Gauni la buluu la Mama lilikuwa chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa nusu, vilevile ulivyoliacha asubuhi ile uliposema kifua kinakubana unakwenda kujinyoosha kidogo. Mwaka mzima Mama amefuta vumbi kulizunguka. Kaka alipotaka kuisogeza cherehani ukutani, Mama alimwambia, "Atakayeigusa atanishona mimi kwanza."

"Soma tu, mdogo wangu," Kifungo alisema. "Tutakusikiliza."

Binti akatikisa kichwa. "Alisema cherehani."

"We mtoto, huoni watu wana msiba?" mpishi alimkaripia. "Jamani mtusamehe. Tunaondoka."

Mama alikuwa ameshatoka chumbani. Hatujui alisikia kuanzia wapi. Alilitazama gauni, akamtazama binti.

"Baba yenu alimwahidi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi shona."

"Mama, nikishona hapo hatutajua tena alipoishia."

"Najua," Mama alisema. "Shona."

Kifungo alitia mafuta. Mkanda ulikuwa umekauka, ukalia kwanza, kisha ukashika. Binti akavuta kigoda chako bila kuambiwa, akafungua kitabu, akaanza. Kobe amefika mlimani, mvua inanyesha, hana pa kujificha. Cherehani ikaenda. Katikati ya ukurasa binti alikwama kwenye "akajikunyata", na mguu wa Kifungo ukainuka wenyewe.

Cherehani ikasimama.

Miaka yote Kifungo alikaa upande wa kigoda. Siku hiyo alikaa upande wako, neno liko kwenye ncha ya ulimi wake, na ndipo alipojua jinsi ulivyofanya kazi kubwa kwa kunyamaza. Aliuma mdomo. Binti alirudi nyuma, akalikata neno vipande, akaliunga. "Akajikunyata! Ndani ya nyumba yake mwenyewe!" Mguu ukashuka. Ukurasa ulipokwisha, mshono ulikuwa umefika kwapani.

"Ungekuwa wewe kobe, ungefanyaje?" Mama alimuuliza.

Binti alijibu kwa muda mrefu. Sote tulimsikiliza mpaka mwisho.

Walipoondoka tulikata uzi, tukalipeleka gauni dirishani. Mama alipitisha kidole kwenye mshono mara tatu, akikutafuta. Hakukuona ulipoishia. Hakuna aliyelia. Alilikunja, akaliweka kitandani upande wako, na leo, siku ya kumbukumbu yako, amelivaa.

Tunaokukumbuka: mkeo, mwanao mkubwa aliye dereva wa lori na mkewe, wajukuu wako wawili, ambao wamefika ukurasa wa thelathini na nne, na Kifungo, aliyeandika haya kwa niaba ya wote.

Hutatutoka moyoni, Baba, kamwe.