Namba Nane wa Ruddick

Shoga, Ruddick, skauti wetu wa kusaka wachezaji, kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe!

Kesho timu za futiboli ya Kimarekani zinachagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Mwezi mzima anampigia debe mdakaji mmoja, Tavion. "Namba nane! Mikono gundi! Nikikosea, nifukuzeni kazi!"

Leo kikaoni kocha akawasha video. Namba nane akadaka mpira kwa mkono mmoja. Ruddick akaruka, "Mnamwona Tavion wangu?"

Kocha akamwambia polepole, "Mzee, Tavion ameiacha jezi namba nane tangu Oktoba. Huyo ni wa mwaka wa kwanza, haruhusiwi kuchaguliwa mpaka miaka miwili ipite."

Miaka miwili, shoga! Kumbe mwenzetu anaangalia jezi tu, sura haangalii!

Ruddick akanong'ona, "Lakini si anadaka?"

"Anadaka sana. Tutamsubiri. Wewe msubirie nyumbani kwako."