Bima ya Lori la Baba

Kismayu, Mfungo Pili

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanalima,

Nashika miguu yako kutoka huku niliko, mama, na namwomba Mola barua hii ikukute na afya njema na moyo mkunjufu. Mgongo umekuachia? Na yale mafuta ya nyonyo niliyompa Mwanaharusi akuletee yalifika huko kisiwani Chovai, au aliyamaliza mwenyewe njiani? Sisi huku ni wazima. Watoto wazima, na mume wangu Nasrudin mzima, anakwenda bandarini kila siku na kila usiku anakoroma kama kawaida yake. Baba naye yupo, ila ana habari zake, na hizo ndizo zilizonikalisha niandike. Najua tangu auze chombo chetu cha tanga hujamletea hata salamu, wala mimi sikulaumu. Lakini nakuomba usiiweke barua hii pembeni kwa kuliona jina lake. Isome yote.

Lori ulilolisikia kwa watu ni kweli lipo, limelala uani kwetu. Ni Fiat kuukuu, linaunguruma hadi mbuzi wa jirani wanakimbia. Mtaliani mmoja mwenye shamba la ndizi huko Jamame alikubali tumbebee ndizi zake mpaka bandarini msimu mzima, na riziki ya jamaa wote ingetoka hapo. Ila alitoa sharti moja: lori liwe na bima, na iwe tayari kabla ya meli ya ndizi kutia nanga. Bima, mama, ni kwamba unalipa kwanza, halafu lori likipinduka au likimgonga mtu, wale uliowalipa ndio watakaotoa fidia. Nilimwambia Nasrudin kwamba hii ni biashara ya kuuza hofu, akanijibu kwamba hofu au si hofu, bila bima hakuna ndizi. Na chombo kimeshauzwa. Tukizikosa ndizi, wanaume wetu wote watarudi kuomba kazi kwenye vyombo vya watu.

Basi tukaenda kwa wakala wa kwanza, kijana wa Kitaliani mwenye nywele zinazong'aa mafuta. Baba alivaa kanzu yake ya Idi. Nasrudin ndiye aliyetufasiria, maana Kitaliani anakijua cha bandarini. Kijana akauliza ni nani watakaoshika usukani. Baba akakohoa, akaanza kuwataja kama alivyokuwa akiwataja chomboni: yeye mwenyewe nahodha, kisha kaka Hussein, kisha mdogo wangu Omar, kisha watoto wa ami zetu mmoja mmoja, mpaka Fumo, ambaye gari analijua kwa kulipisha njia tu. Wewe unamjua Baba. Katika chombo chake hakuna baharia aliyenyimwa zamu ya usukani, na kumwacha mtu nje ya hesabu ni kumwambia mbele ya wenziwe kwamba si mwanamume. Yule kijana akawa anaandika tu huku anatabasamu. Alipotaja bei, lo! Nilidhani anatuuzia lori la pili.

Nilimwambia Nasrudin ainuke twende zetu. Mimi bei ya kwanza siipokei hata ya limau, nitaipokea ya karatasi? Wakala wa pili alikuwa ghali kuliko wa kwanza, na kiti hakutupa. Wa tatu ni mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri karibu na soko. Alipoyasoma majina yetu alicheka mpaka miwani ikamwanguka, akauliza kama hilo lori lina tanga. Nilikasirika, wallahi, lakini nikaketi nimsikilize, na nashukuru niliketi. Alituambia kwamba kila mkono unaoshika usukani kwao ni hatari mpya, na kila hatari ina bei yake. Tukipunguza mikono, bei itashuka. Tukionyesha kwamba lori linalala ndani ya ua wenye kufuli, si barabarani, itashuka tena. Tukikubali kujitengenezea wenyewe madogo madogo kama vioo na taa, na wao wakabeba makubwa tu, itashuka zaidi. Na tukilipa mwaka mzima kwa mkupuo, kuna kipunguzo kingine. Nikamuuliza kwa nini mambo yote haya yanafichwa mpaka mtu aulize. Akasema wanaouliza ni wachache, na anamshukuru Mungu kwa hilo.

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu, mama. Bei ya Mhindi niliipeleka kwa yule kijana wa Kitaliani, nikakaa na buibui langu mlangoni mwake nikasema siondoki. Akapunguza. Ile aliyopunguza nikairudisha kwa Mhindi, naye akapunguza huku analalamika kwamba namnyonya damu. Nasrudin alikuwa anaona haya, anasimama mbali kama hanijui. Zile fedha, somalo ambazo tungezitupa siku ile ya kwanza, karibu nusu zilibaki mkononi.

Yalibaki majina. Nikawakusanya jamaa, nikawaeleza kwamba mafungu ya mapato yatabaki vilevile kama ya chombo, kila mtu na fungu lake, isipokuwa usukani ndio hautapita mikononi mwa wote. Omar alinuna, chai yangu akaiacha ikapoa, ila kesho yake alirudi akiuliza turubali liko wapi. Fumo alishusha pumzi kabisa. Wakabaki wawili, kaka Hussein na Baba. Mhindi akayatazama yale majina mawili, akauliza umri wa Baba. Akasema mtu wa umri ule sharti alete cheti cha hospitali kwamba macho yake ni mazima. Asipokileta, bei itarudi pale pale ilipoanzia. Tungemwandika Hussein peke yake tungeweza kulipa na kitu kikabaki. Tungemwandika na Baba, ndizi ndiyo kwaheri.

Hospitali Baba hakutaka kuisikia. Alisema macho yake yamewapitisha watu miambani kabla daktari yule hajazaliwa, na hatakwenda kukaguliwa kama ng'ombe wa mnada. Sote tukatazamana, halafu wote wakanitazama mimi. Sikufichi, mama, nilifikiria kulifuta jina lake kimyakimya, maana Kitaliani hakisomi. Nasrudin akanikataza. Alisema siku Baba akilishika lori akamgonga mtoto wa mtu, karatasi ile haitafaa hata kufungia bizari, na damu itakuwa shingoni mwetu. Alisema kweli. Lakini ni nani atakayemwambia nahodha Mbwana wa Chovai ashuke usukanini?

Mwisho nilimwendea baada ya sala ya alasiri. Alikuwa peke yake anaosha lori. Nilianza kumwambia bila ya kuzunguka, na kabla sijafika mwisho kilio kilinikamata.

Hakunigombeza. Aliendelea kulikamua lile tambara mpaka likakauka, akaniambia nikae kwenye ngazi ya lori. Na sasa, mama, nitakuandikia aliyoyasema, kwa sababu mwenyewe ameniomba nikuandikie. Alisema tangu alinunue lori hajaliendesha hata hatua moja. Anapanda, anakaa, watu wanamwona, kisha Hussein akija humpisha na kujifanya amechoka. Vitu vyote anaviona kama vilivyofunikwa shashi. Na hali hiyo ni ya zamani. Unaikumbuka siku chombo kilipogusa mwamba pale mlangoni mwa Chovai, na dada Ummi akiwamo na watoto wake, Baba akawaambia watu ni mkondo wa maji? Hapakuwa na mkondo wowote. Mwamba hakuuona. Hussein ndiye aliyeuwahi usukani. Tangu siku hiyo alikuwa kila akilala anawasikia wale watoto wakilia.

Kwa hiyo chombo hakukiuza kwa tamaa ya lori, mama, kama sote tulivyodhani na kama ulivyomwambia usoni. Alikiuza kwa kuogopa kuua watu. Alidhani barabara kavu haina miamba, angeweza kuwa nahodha huko bila mtu kujua. Anasema hakukwambia kwa sababu ungemwambia amwachie Hussein chombo, na ungekuwa umesema haki, ila yeye asingeweza kusimama ufukoni akakitazama kinaondoka bila yeye. Anasema alikukosea. Maneno hayo alinitamkia mara mbili ili nisiyasahau.

Kesho yake alikwenda hospitali kwa miguu yake. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba Mogadishu yuko mwenziwe anayewatoa, na wengi wamerudi wanaona. Bima tumelipa, jina ni la Hussein peke yake. Ndizi za kwanza zimeshateremshwa bandarini, nami nilikwenda kuzitazama nikapiga vigelegele peke yangu kati ya makuli, Nasrudin akaniona haya tena. Na zile somalo nilizoziokoa kwa mawakala tumeziweka ziwe nauli ya watu wawili kwenda Mogadishu na matumizi ya huko.

Nilijitolea kumpeleka mimi, akakataa. Hussein akajitolea, akakataa pia. Amesema kama ni lazima ashikwe mkono mbele za watu, basi ashikwe na mkewe, na asipopatikana huyo, atabaki na macho yake haya haya. Amesema hakuamrishi, hana uso wa kukuamrisha. Anakuomba. Omar atakuja Chovai Ijumaa, atakaa mpaka ukate shauri. Akirudi peke yake tutajua, na hakuna atakayekunung'unikia. Ila Baba tangu jana ananiuliza wewe hupenda kulala upande upi wa kitanda, wa mlangoni au wa dirishani. Miaka yote hii, mama! Nimemwambia sijui, akuulize mwenyewe ukifika.

Nisalimie Ummi na watoto wake, na shangazi Barke, na kila atakayeniulizia. Wajukuu zako wanakubusu mikono. Mola akulinde na akufikishe salama.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Shamsa binti Mbwana