Flanji Iliyochomelewa Upande Mmoja

Mpendwa mshauri, Bi Biubwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba msaada wako, maana akili yangu imefika mwisho na hasira imenijaa mpaka chakula hakipiti. Mimi ni Mzaramo wa Kibuta, kazi yangu ni kuchomelea mabomba ya mvuke katika kiwanda cha mkonge huku Misugusugu, na kazi hiyo niliipata kwa mkono wa nyapara wetu, Mzee Pazi wa Mzenga, ambaye ni mjomba wa mke wangu Mwamini, kwa hiyo kwangu ni mkwe, na mkwe unajua mwenyewe hatazamwi usoni.

Sasa, lile bomba kubwa linalotoa mvuke kwenye boila kwenda kwenye injini lilibadilishwa flanji, yaani ile sahani nene ya chuma yenye matundu ya boliti, na hii ni ya aina inayovishwa kwenye ncha ya bomba kama pete kidoleni, nayo sharti ichomelewe mara mbili, nje kwa nyuma na ndani kwa mbele, na mvuke ukiwa mkali ndiyo kabisa usithubutu kuacha upande mmoja, lakini nilipomaliza nje tu Mzee Pazi akaja akasema, "Funga boliti, mwanangu, mkonge unaoza. Huko ndani nani atachungulia?" nami nikafunga, kwani ningemjibu nini mkwe wangu mbele za watu?

Tangu hapo naliona bomba likitetemeka pale kwenye shingo ya flanji, na mvuke umeongezwa kwa kuwa mkonge uliokatwa ni mwingi, na anayesimama hapo kutwa akitia kuni ni Luhende, Mnyamwezi, mtani wangu, mtu ninayempenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, nikamwendea nikamwambia, "Luhende, ondoka hapo, flanji hiyo itachomoka ikuue," naye akacheka akashika kiuno, akawaita wenzake, "Njooni mmsikie Mzaramo! Ameshanizika, sasa anataka nguo zangu!" nikaapa kwa Mungu wakazidi kucheka, nikatokwa na machozi, Bi Biubwa, machozi ya kweli, wakanipigia makofi wakasema leo nimeigiza vizuri kuliko siku zote. Ni kweli kwamba mwezi uliopita mimi ndiye niliyepiga kelele kuwa boila linapasuka, Luhende akakimbia akaacha kiatu, lakini ule ulikuwa utani na huu si utani, mbona mtu mzima hatofautishi? Nina hasira naye, nina hasira na mkwe wangu, na Mwamini naye ananiambia ninyamaze nisije nikamwaibisha mjomba wake. Nifanye nini mimi?

Wako mwenye dhiki,
Shomari, Misugusugu

JIBU

Bwana Shomari, jibu hili nimekutangulizia kwa mkono wa dereva wa basi, maana bomba halingoji gazeti. Hapa nalichapa ili wenye tabia kama yako nao walisome.

Pole sana. Na sasa kaa vizuri nikuseme, maana umenikasirisha. Unauliza mbona Luhende hatofautishi? Atatofautisha vipi, nawe umemletea ukweli kwa sauti ile ile uliyomletea uongo? Utani ni mila yetu njema: watani hutukanana, hunyang'anyana kuku, na kesi hakuna. Lakini moto hauingizwi katika utani, na boila ni moto. Wewe uliuingiza, ukacheka, leo unalia huna wa kukusikiliza.

Na huyo mkwe wako, tafadhali usinitajie heshima! Heshima ya mkwe ni kumpisha njiani na kuinamisha macho, si kumwachia aue watu. Eti nani atachungulia? Mvuke utachungulia, Mzee Pazi, na wenyewe hauna mkwe wala mtani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa mtani unacheka, kwa mkwe unainama, na anayetia kuni ndiye atakayeungua.

Usimwambie Luhende neno lingine. Maneno yako kwake yamekwisha thamani. Asubuhi, kabla boila halijawashwa, nenda kwa Mzungu anayesimamia mashine, maana kiwanda cha mkonge hakikosi wake, useme, "Flanji ile nimeichomelea mimi, upande mmoja tu. Isitiwe mvuke mpaka niifungue nichomelee ndani." Sema mimi, usimtaje mkwe; yeye akiulizwa, ana kinywa, atajisemea. Mzungu akikufukuza bila kukusikiliza, shika spana, fungua boliti zile chuma kikiwa baridi, uondoke nazo. Bomba lisilo na boliti halitiwi mvuke. Ukikosa kazi, Kibuta mihogo ipo, na hakuna aliyekufa kwa kulima.

Mwamini naye aache kukuziba mdomo. Pazi ni mjomba wake, si wako, na mpwa ana ruhusa kwa mjomba ambayo wewe huna. Amwendee leo hii, apige goti, amwambie waziwazi kwamba aibu ya kuungama ni ndogo kuliko aibu ya jeneza.

Na kama bado unasita, basi kumbuka kazi ya mtani. Luhende akifa, wewe Mzaramo ndiye utakayeitwa kwenye kaburi lake, na wewe ndiye utakayetakiwa kuwachekesha wafiwa, kama mila inavyotaka. Mjane wake atanyanyua uso akutazame, akingoja mzaha wako. Utamwambia nini?