Mkono wa Namba Nne

Alhamisi, 12 Machi 2026
Koleo la upasuaji limefika! Lina kihisi ndani — linapima daktari anabana kwa nguvu gani na mkono unatikisika kiasi gani. Kazi yangu kuhakiki kama linasema kweli. Madaktari watano, kila mmoja kashona utumbo wa mbuzi. Majina hamna, namba tu. Orodha ninayo mie peke yangu.

Wanne safi. Namba Nne — mstari wake kwenye skrini unaruka kama bisi! Na Namba Nne ni Dokta Khalfani. Ndiye atakayemfanyia mama upasuaji wa goita tarehe 26. Mungu wangu.

Ijumaa, 13 Machi
Roho juu juu. Nimemgusia Zubeda, nesi wa chumba cha upasuaji, jina sikutaja. Kacheka. Eti Jesca nawe, unapima watu saa kumi jioni, wengine wamefunga, hata tone la maji hawajagusa, ulitegemea nini? Jamani! Ratiba nilipanga mie, Ramadhani wala sikuiwaza. Nikapumua.

Halafu nikakumbuka — Namba Mbili naye kafunga. Mkono wake umetulia tuli.

Jumanne, 24 Machi
Idi imepita. Koleo nimelijaribu mara ishirini. Halina kosa. Bora lingekuwa bovu!

Nimekwenda Mabibo kwa mama, kumwambia tuahirishe. Kashafungasha begi. Anasema Dokta Khalfani alimshona shangazi, kovu hata hulioni. Nikanywa chai, nikaondoka. Mwoga mie.

Alhamisi, 26 Machi
Saa moja asubuhi nimemkuta Dokta Khalfani mlangoni pa ofisi yangu hospitalini, na utumbo wa mbuzi kwenye mfuko, kapitia buchani mwenyewe! Shikamoo, marahaba. Kasema siku ile mkono wake aliuona ukitikisika, hakungoja koleo limwambie. Nimpime tena, leo kashakunywa chai. Ukiwa mbaya nimwambie kabla ya saa tatu, upasuaji haujaanza, mwenzake Dokta Demetria atamfanyia mama. Nisimwonee haya.

Kashona. Katoka bila kutazama skrini.

Saa tatu kasoro kumi. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, kompyuta magotini. Mstari umetulia kuliko siku ile. Haujafika wa Namba Mbili. Sasa huo ni mzuri au mbaya? Nimekuza picha, nimeipunguza, ni ule ule.

Mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu. Anauliza mbona naandika tu, nimshike mkono. Zubeda kaja kumsukuma. Dokta Khalfani kasimama mlangoni, glavu hajavaa, ananitazama mie, anangoja nimwambie —